Kingamwili: Neno Moja, Maana Mbili

Katika mtaa wa Bwiza, jijini Bujumbura, Kiswahili, Kirundi na Kifaransa hukutana mara nyingi katika mazungumzo yale yale. Mzazi wa hapo akiambiwa kwamba uvimbe wa mwanawe utapimwa kwa "kingamwili", anaweza kudhani anatajiwa UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini. Hofu hiyo imezaliwa na lugha, hivyo sisi walimu inatuhusu.

Kingamwili ni nini? Ni protini ambayo mwili huitengeneza ili kunasa kitu kigeni. Kila kingamwili ina shabaha yake, kama ufunguo na kufuli lake. Vipimo vingi vya haraka vya VVU hutafuta kingamwili zilizomo katika damu ya mtu. Katika kupima uvimbe mambo ni kinyume: kingamwili hutengenezwa maabara, nayo ndiyo hutumwa kutafuta. Njia ya kuzitengeneza za aina moja tupu ilibuniwa na Köhler na Milstein mjini Cambridge mwaka 1975.

Mfano mzuri ni Ki-67, iliyotangazwa mwaka 1983. "Ki" ni mji wa Kiel, Ujerumani. 67 ni namba ya kishimo cha sahani ya maabara ilimopatikana. Jina hilo sasa ni la protini yenyewe pia. Protini hiyo huonekana katika kiini cha seli iliyo katika mzunguko wa kujigawa, na haionekani katika seli iliyopumzika. Kipande chembamba cha uvimbe hutiwa kingamwili, kisha rangi. Viini vilivyonaswa huwa vya kahawia, na mtaalamu huvihesabu kwa hadubini. Hesabu hiyo peke yake haithibitishi saratani, lakini huonyesha kasi ya ukuaji.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si geni. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya kwa watoto ambao sasa una jina lake. Katika uvimbe huo Ki-67 hukaribia asilimia 100: karibu kila seli inajigawa. Hukua kwa siku chache, lakini watoto wengi hupona wakiwahi dawa. Mzazi anayekimbia kipimo kwa kuogopa neno hupoteza siku hizo.

Tupendekeze basi: "kinga ya mwili" iwe mfumo mzima wa kujilinda, "kingamwili" iwe protini (kingamwili hii, kingamwili hizi). Na neno lisitajwe bila kazi yake: "kingamwili ya kutambua seli zinazojigawa".

Zoezi: Mweleze mzazi wa Bwiza kipimo hiki kwa sentensi tatu, bila kutumia neno la Kifaransa. Kisha mwombe akueleze alivyoelewa.