Spika na Sheria ya Chuma ya Hofmann: amua kwanza utakachokubali kukikosa

Mei 2025 Harman, kampuni ya Marekani iliyo mikononi mwa Samsung ya Korea Kusini tangu 2017, ilitangaza kuinunua Sound United, kampuni yenye majina kadhaa ya vifaa vya sauti, kwa dola milioni 350. Kwa mapatano hayo Bowers & Wilkins, Denon, Marantz na Polk zinaingia chini ya paa moja na JBL, ambayo ni ya Harman tangu zamani. Kurasa za biashara ziliipima habari hiyo kwa mizani ya soko na hisa. Msomaji aliyefuatana nasi tangu sehemu ya kwanza ya mfululizo huu, ambaye sasa anajua hezi ni nini, desibeli hupandaje, na koili ndani ya sumaku huisukumaje koni, ana swali lenye uzito zaidi: majina haya yakiwa ya mwenye mali mmoja, je, atapata spika inayofaa zaidi chumba chake? Nasema jina halijapata kumsaidia mnunuzi wa spika, wala halitamsaidia leo. Kitakachomsaidia ni kuielewa sheria moja ya fizikia ambayo kila kiwanda, kiwe kikubwa au kidogo, kinaitii, kisha aamue mwenyewe ni kipi yuko tayari kukikosa.

Sheria hiyo hujulikana kama Sheria ya Chuma ya Hofmann. Josef Anton Hofmann alikuwa mwanafizikia, mwana wa mpiga piano mashuhuri Josef Hofmann, na ndiye mwenye herufi ya tatu katika jina KLH, kampuni aliyoianzisha na Henry Kloss na Malcolm Low mwaka 1957 huko Cambridge, Massachusetts. Kauli yake ni hii: mtengenezaji wa spika hutamani mambo matatu, besi inayoshuka chini sana, boksi dogo, na ufanisi, yaani sauti kubwa kwa umeme kidogo. Mawili atayapata, la tatu lazima alitoe. Wahenga walituonya kwamba mshika mawili moja humponyoka. Kwa spika, aliyeshika mawili amefanya vema, na anayeng'ang'ania yote matatu ndiye anayeponyokwa. Neville Thiele wa Australia mwaka 1961, na baada yake Richard Small wa Chuo Kikuu cha Sydney mwanzoni mwa miaka ya 1970, waliiweka kanuni hiyo katika hesabu zinazotumika hadi leo: ufanisi hufuata ujazo wa boksi, na hufuata kipeo cha tatu cha masafa ya chini kabisa ambayo spika inayafikia. Tuchukue spika ya boksi la lita 20, inayoshuka hadi hezi 60 na kutoa desibeli 88 kwa wati moja, ukipima umbali wa mita moja. Ukitaka ishuke hadi hezi 30 bila kupoteza ufanisi, boksi litakuwa kubwa mara nane, lita 160, kama friji ndogo iliyosimamishwa sebuleni. Na unahitaji mbili. Ukikataa kuliongeza boksi, ufanisi utapungua mara nane, ushuke hadi desibeli 79. Pale wati 16 zilipotosha kufikia kilele cha desibeli 100, sasa utahitaji zaidi ya wati 120.

Historia ya spika inaithibitisha sheria hii hatua kwa hatua, kwa sababu kila spika iliyoacha jina ilibuniwa na watu waliojua wanatoa nini. Paul Klipsch, mhandisi wa mji wa Hope, Arkansas, alianza kuitengeneza Klipschorn mwaka 1946. Yeye alitoa udogo. Kabati lake la tarumbeta, lenye kimo cha takribani mita moja na sentimita 30, lilisimama katika kona ya chumba ili kuta mbili ziwe mwendelezo wa tarumbeta yenyewe. Kwa gharama hiyo lilishuka karibu hezi 35 na kutoa zaidi ya desibeli 100 kwa wati moja. Tusimwone kuwa mtu wa makuu. Amplifaya za valvu zilizokuwa majumbani enzi zake zilikuwa na wati chache, na mwenye wati kumi hana budi kuutunza ufanisi kama anavyotunza akiba ya mwisho wa mwezi.

Mwaka 1954 Edgar Villchur, aliyekuwa akifundisha New York, pamoja na Henry Kloss aliyekuwa mwanafunzi wake, walichagua njia nyingine. Kabla yao koni ilirudishwa mahali pake na ukingo uliokazwa, ambao haukuvuta kwa nguvu zilizolingana koni ilipokwenda mbali, hivyo besi ikachafuka. Villchur alilegeza ukingo, akaliziba boksi pande zote, na kuiachia hewa iliyofungiwa ndani kazi ya springi, kwa kuwa hewa hubanwa na kutanuka kwa ulinganifu kuliko kitambaa. Kampuni yao, Acoustic Research, ikatoa AR-1, spika ya kuwekwa rafuni yenye besi safi na nzito ambayo watu walizoea kuidai kwa kabati kubwa peke yake. Alichotoa Villchur ni ufanisi: spika zake zilitaka amplifaya yenye nguvu, na aliyezifunga kwenye amplifaya dhaifu alijuta. Wakati nao ulimfaa. Sahani za stirio zilipoingia sokoni mwaka 1958, kila nyumba ilihitaji spika mbili badala ya moja, na sebule yenye nafasi ya makabati mawili ya Klipsch, tena katika kona mbili zinazofaa, si nyingi. Kufikia 1966 Acoustic Research ilishika karibu theluthi ya soko la spika la Marekani. Kampuni hiyo ilichapisha vipimo vya spika zake, na ilialika hadhara kuwasikiliza Fine Arts Quartet wakipiga jukwaani, kisha wakiacha kuvuta pinde huku rekodi ikiendelea katika spika za AR-3. Wasikilizaji wengi walishindwa kutambua ni wapi wapigaji walipoacha. Hivyo ndivyo mtengenezaji mwaminifu anavyoshawishi: anaweka kazi yake mahali inapoweza kushindwa mbele ya watu.

BBC nayo ilitoa mfano wa tatu. Katika miaka ya 1970 wahandisi wake walihitaji spika ya kusikilizia ndani ya magari ya matangazo ya nje, mahali ambapo kabati halienei. Wakabuni LS3/5A, yenye urefu wa sentimita 30 hivi na hewa ya lita tano tu. Walitoa besi ya chini na walitoa pia sauti kubwa, kwa kuwa ufanisi wake ni kama desibeli 83 na haivumilii wati nyingi. Walichokilinda ni sauti ya binadamu, kwani kazi ya spika hiyo ilikuwa kumwezesha fundi kujua kama mtangazaji anasikika kama alivyo. Mwaka 1976 wakachapisha ripoti ya usanifu wake. Nusu karne imepita, na spika hiyo bado inatengenezwa na bado inatafutwa, kwa sababu aliyeinunua aliambiwa tangu mwanzo haifanyi nini.

Wapo watakaosema sheria ya Hofmann imepitwa na wakati, kwa kuwa leo kuna spika isiyo na waya, ndogo kuliko sufuria ya pilau, inayotikisa dirisha. Hoja hiyo inastahili jibu kamili. Kilichobadilika ni bei ya umeme unaoingia katika koni. Amplifaya za kisasa hutoa mamia ya wati bila joto kubwa wala gharama kubwa, na prosesa ndani ya spika huinua besi kwa nguvu pale koni inapoanza kuchoka. Hiyo maana yake ni kwamba mtengenezaji amelipa kwa ufanisi, kama Villchur alivyolipa, isipokuwa risiti imefichwa ndani ya kasha. Tena malipo hayo yana kikomo. Ili kutoa sauti ileile kwa masafa yaliyopungua nusu, koni lazima isukume hewa mara nne, na koni ndogo haina mwendo huo. Ndiyo maana ukiongeza sauti katika spika nyingi za aina hii, prosesa huipunguza besi kimyakimya ili koni isipasuke. Sikatai kwamba ni uchaguzi halali kwa mwenye chumba kidogo. Nakataa uuzwe kama ushindi dhidi ya fizikia.

Tukija kwenye chumba, jambo la kushukuru ni kwamba chumba chenyewe hurudisha sehemu ya kilichotolewa. Sebule ya mita tano kwa nne, yenye dari la mita tatu, huvuma kwa asili yake katika hezi 34, 43 na 57, mawimbi yanapopiga ukuta na kurudi. Kuta za tofali za saruji hazimezi besi. Huirejesha karibu yote. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zina desturi yake: upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, hivyo vyumba vingi ni virefu na havifiki mita tatu kwa upana, na chumba cha upana wa mita 2.8 huvuma katika hezi 61. Katika vyumba vya namna hiyo spika inayoshuka hadi hezi 25 itakuletea mvumo kuliko muziki. Na muziki wenyewe unadai nini? Uzi mnene wa besi kubwa inayosimama nyuma ya kundi la taarab, sawa na uzi mnene wa gitaa la besi katika muziki wa dansi, una hezi 41. Spika inayofika hezi 40 au 45 kwa usafi, ikisaidiwa na ukuta ulio nyuma yake, imekwisha kutimiza kazi kwa sehemu kubwa ya muziki wetu. Kilichobaki chini ya hapo ni cha kinanda cha kanisa na sinema za mabomu.

Wengine watasema masikio hutofautiana, kwa hiyo kila mtu anunue anachokipenda. Floyd Toole, alipokuwa katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada mjini Ottawa, alilipima dai hilo kwa miaka mingi kwa kuwaweka wasikilizaji wasione spika wanazozisikiliza. Pazia lilipowekwa, wengi wao walikubaliana: walipenda spika yenye mwitikio ulionyooka, isiyopendelea masafa fulani, na inayosambaza sauti kwa ulinganifu pembeni pia. Mwaka 1994, akiwa Harman, yeye na Sean Olive waliwajaribu wafanyakazi 40 wa kampuni hiyo hiyo. Walipoziona spika, alama walizotoa ziliyumbishwa na ukubwa na jina. Tofauti ya masikio ipo, lakini ni ndogo kuliko hila ya macho. Harman basi inayo elimu inayohitajika. Ikiyakusanya majina mengi bila kuchapisha vipimo vya kila spika chini ya kila jina, itakuwa imenunua pazia la kuwafunika wanunuzi.

Na hapa kwetu dhambi ya kuficha ni kubwa zaidi. Maduka yamejaa sabufa zenye maelfu ya wati za PMPO, yaani nguvu ya kilele inayodaiwa, zilizochapwa kwenye boksi, ilhali umeme zinaouvuta ukutani haufiki sehemu ndogo ya namba hiyo. PMPO haina kipimo kinachokubalika kimataifa, na mamlaka za viwango zingetenda haki kuipiga marufuku kwenye maboksi. Sabufa yenyewe si kitu kibaya: chini ya hezi 80 hivi sikio halitambui vizuri sauti inatoka wapi, hivyo boksi moja kubwa linaweza kufichwa nyuma ya kochi na kuziacha spika mbili ndogo zifanye mengine. Ubaya ni sabufa iliyotengenezwa ivume katika noti moja, ili ionekane ina nguvu dukani, na imnyime usingizi jirani ambaye hakuichagua.

Kwa hiyo mnunuzi apange hivi. Apime chumba kwa futi kamba. Aamue anasikiliza akiwa umbali gani, na amplifaya yake ina wati ngapi za kweli. Akiwa na wati chache, atoe udogo, akubali boksi. Akiwa na chumba kidogo na wati za kutosha, atoe ufanisi. Akipenda sauti za waimbaji kuliko kishindo, atoe hezi zilizo chini ya 40 bila majuto. Kisha amuulize muuzaji: spika hii haiwezi nini? Asiyeweza kujibu hafai kupewa fedha. Katika sehemu ijayo tutaeleza krosova, na kwa nini spika ya twita mbili si lazima iwe bora kuliko ya moja.