Saa ya Fuko wa Ujiji

Mkulima anapokuta vifusi vya udongo mbichi kati ya matuta ya muhogo, hutambua mara moja kwamba fuko amepita. Mnyama mwenyewe huonekana kwa nadra mno, kwani karibu maisha yake yote huyapitisha gizani, chini ya ardhi. Je, kiumbe asiyeliona jua hujuaje kwamba kumekucha?

Swali hili lina uzito wa pekee mkoani Kigoma. Mwaka 2017 watafiti wanne, miongoni mwao G. F. Mgode wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, walitangaza kwamba mafuko wa Ujiji ni spishi ya peke yake. Waliipa jina Fukomys livingstoni, kwa kumkumbuka David Livingstone, aliyekutana na Stanley mjini humo mwaka 1871. Jina la jenasi, lililotolewa mwaka 2006, limeundwa kwa neno "fuko" na neno la Kiyunani lenye maana ya panya.

Usiku na mchana ndani ya udongo

Mwaka 1973 J. U. M. Jarvis alichapisha uchunguzi wa mafuko wa aina mbili nchini Kenya. Aina mojawapo, Tachyoryctes, ilitoka kiotani hasa mchana, na usiku ikapumzika. Baadaye watafiti waliwafunga mafuko wa Zambia na Malawi vyombo vidogo vya redio, kisha wakafuata nyendo zao wakiwa juu ya ardhi. Huko pia shughuli nyingi zilifanyika mchana.

Sababu moja inayofikiriwa ni joto. Jua hupasha kwanza uso wa ardhi, kisha joto hushuka polepole. Kwa hiyo udongo wa kina cha sentimita 20 hufikia joto lake la juu saa kadhaa baada ya adhuhuri. Kadiri tunavyozidi kwenda chini, mabadiliko hayo hupungua, hata katika kina cha mita moja usiku na mchana hukaribia kulingana. Fuko achimbaye njia zake za kutafutia chakula karibu na uso wa ardhi huweza basi kuzihisi saa za siku kwa ngozi yake. Macho yake nayo, ingawa ni madogo sana, hutambua mwanga. Njia ikibomoka, huziba tundu upesi.

Kazi kwa wanafunzi

Uchunguzi kama huu hauhitaji kumtega mnyama wala kumwua. Chagueni eneo lenye vifusi, wakati wa mvua, kwa maana udongo ukiwa laini fuko huchimba zaidi. Sawazisheni vifusi vyote, kisha hesabuni vipya saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni, kwa siku kadhaa. Kila mara pimeni joto la udongo kwa kina cha sentimita 20. Linganisheni hesabu hizo mbili.

Mkulima ana haki ya kuulinda muhogo wake, kwani fuko hula mizizi na viazi. Hata hivyo, mnyama huyo huupindua udongo na kuyapa maji ya mvua njia ya kupenya. Tena, spishi yenye makao madogo kiasi hiki ikitoweka Ujiji, haitapatikana kwingine ikarudishwa. Ni vema basi tuzijue saa zake angali yupo.