Sado, Fungu na Lumbesa

Juma hili tushike kapu twende sokoni. Anayeingia Mwanjelwa au Soko Matola mjini Mbeya hukuta neema ya mikoa yetu imepangwa mbele yake: viazi mviringo vya Umalila, ndizi na maparachichi ya Rungwe, mchele wa Kyela na Mbarali, usipa wa Ziwa Nyasa. Soko Kuu la Iringa nalo lina mahindi, maharage na, mvua zikinyesha, uyoga wa porini.

Chakula kipo. La kujiuliza ni hili: kwa fedha yako, unapewa kiasi gani?

Nyama hupimwa kwa mizani. Mazao mengi ya shamba hupimwa kwa kopo au kwa fungu. Sado ni kopo la rangi la lita 4 hivi, lililorithi jina la rangi ya Sadolin. Sado 5 hukaribia debe, na debe 6 huhesabiwa gunia la mahindi. Lakini vyombo hivi hupima ujazo, si uzito. Sado ya maharage na sado ya usipa mkavu hazilingani kwa kilo hata kidogo. Na mahindi yasiyokauka vizuri hubeba maji, nawe maji hayo unayalipia.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, tazama kitako cha kopo. Kikibonyezwa kwa ndani, kopo hujaa upesi. Kwenye fungu, inua nyanya ya juu uione ya chini. Kisha omba nyongeza kwa adabu; hiyo ni mila ya soko na mama muuzaji anaitarajia.

Lakini kuna kipimo kingine usichokiona, kwa sababu kilifanyika huko shambani. Hiyo ndiyo lumbesa: gunia hujazwa hadi mdomoni, kisha huongezewa kilemba na kushonwa kwa kamba. Mkulima hulipwa gunia moja, ingawa uzito wake umepita sana kilo 100. Nauli na ushuru vikitozwa kwa gunia, mchuuzi hupata faida kila anapolishindilia. Sheria ya Vipimo, Sura 340, ipo, na Wakala wa Vipimo ulianza kazi mwaka 2002. Lakini mkulima ambaye viazi vyake vimekwisha kung'olewa, na ada ya mtoto inadaiwa, atamkatalia nani?

Wapo wasemao kwamba lumbesa humsaidia mlaji wa mjini. Si kweli. Gunia likifika sokoni hufunguliwa na viazi hupangwa mafungu. Kile kilemba hakikufuati nyumbani. Fungu lako ni lile lile la jana.

Basi mizani si rafiki wa mkulima peke yake. Akiuza kwa kilo nawe ukanunua kwa kilo, nyote wawili mtajua kilichopotea njiani, na ni nani aliyekichukua. Ukienda sokoni kesho, anza kwa kuuliza: kilo ni shilingi ngapi?