Olson, mwalimu wa Makumira aliyezipa nyimbo za Kiafrika nafasi kanisani

WALUTHERI wa Sanya Juu, kama wenzao kote nchini, huadhimisha Pasaka kwa wimbo "Mfurahini, Haleluya". Wimbo huo ulitungwa mwaka 1966 na Bernard Kyamanywa, wakati huo mwanafunzi wa Chuo cha Theolojia Makumira, mkoani Arusha.

Miongoni mwa walimu wake alikuwamo Howard Olson, mmisionari wa Kimarekani aliyezaliwa mwaka 1922 na kufika Tanganyika mwaka 1946.

Wamisionari wa Leipzig, walioanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, walikuja na nyimbo za Kijerumani. Maneno yalitafsiriwa, mahadhi yakabaki yale yale.

Hapo ndipo ulipokuwa ugumu. Mkazo wa neno la Kiswahili huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali mahadhi ya Kijerumani mara nyingi huupeleka kwingine. Kwa Kichagga hali ni nzito zaidi, kwani kupanda na kushuka kwa sauti huweza kubadili maana ya neno.

Olson aliwahimiza wanafunzi watunge maneno kwa mahadhi ya makabila yao. Baadhi ya nyimbo hizo zilikusanywa katika kitabu "Tumshangilie Mungu", kilichotoka mwaka 1968.

Olson alifariki dunia mwaka 2010. Wimbo wa Kyamanywa, uliotafsiriwa kwa Kijerumani mwaka 1969, umo katika kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani. Waliotuletea nyimbo sasa huimba za kwetu.