Mashimo ya kale Busia yafunguka, jirani abaki nje ya lango

Ukisimama asubuhi kwenye kituo cha mpakani Busia, utaona karibu kila kitu kikivuka: trei za mayai, magunia ya mahindi, omena, mitumba, ndoo za plastiki, vipuri vya bodaboda. Usichokiona ni dhahabu. Gramu 20 hazizidi ukubwa wa punje mbili za maharage, hutoshea kwenye mfuko wa shati, na kwa bei ya dunia iliyovuka dola 4,000 kwa wakia moja Oktoba 2025, thamani yake ni zaidi ya dola 2,500. Ni zaidi ya mzigo wa kawaida wa mama mwenye kapu, anayetumia utaratibu rahisi wa forodha ambao kikomo chake ni dola 2,000.

Dhahabu hiyo si ngeni hapa. Upande wa Uganda, eneo la Tiira wilayani Busia lilichimbwa tangu miaka ya 1930, wakati wa ukoloni. Upande wa Kenya, Kakamega ilikuwa imeanza kukimbiliwa mwaka 1931, na mwaka 1932 serikali ya kikoloni ikabadilisha sheria ya ardhi ya wenyeji iliyokuwa na miaka miwili tu, ili wazungu wapate kuchimba. Mgodi wa Rosterman, uliokuwa mkubwa kuliko yote huko, ulifungwa mwaka 1952. Kusini zaidi, mgodi wa Macalder huko Migori ulitoa shaba, dhahabu na fedha hadi ulipofungwa katikati ya miaka ya 1960. Mwamba wa kale unaobeba mali hii unatoka Geita, unapita Migori na Kakamega, kisha unaingia Uganda bila kuonyesha pasipoti.

Kwa nini mashimo hayo yanafunguliwa sasa? Waliofunga hawakumaliza mali. Tangu mwaka 1934 hadi 1971 bei rasmi ya dhahabu ilikuwa dola 35 kwa wakia, huku gharama za mishahara, mbao na mafuta zikipanda. Jiwe lililotupwa kando mwaka 1950 kwa sababu halikulipa, leo linalipa. Ndiyo maana kazi ya mtafiti wa mgodi wa zamani huanzia kwenye kabati kabla ya kufika porini: anafuata ramani na taarifa za wakoloni zilizohifadhiwa Entebbe, kwenye ofisi za idara ya jiolojia na migodi. Kisha anakuja kuchukua sampuli za udongo, anachimba mitaro, anatoboa mwamba kwa mashine na kupeleka vipande maabara. Mahandaki yaliyojaa maji hupimwa, na hata mchanga uliokwisha kuoshwa hupimwa upya, maana zebaki ya mchimbaji mdogo huacha sehemu kubwa ya dhahabu mchangani.

Hapa naomba mfanyabiashara atofautishe mambo mawili ambayo huchanganywa sana vijiweni. Leseni ya utafutaji si leseni ya uchimbaji. Magari yenye nembo ya kampuni yakionekana kijijini haina maana kwamba mgodi unakuja. Utafiti unaweza kuchukua miaka na kuishia kwenye faili. Waliokopa kujenga vyumba vya kupangisha kwa kuona magari hayo wajue wamecheza bahati nasibu.

Busia, hata hivyo, imevuka hatua hiyo. Agosti 2025 Rais Yoweri Museveni alizindua mgodi wa kampuni ya Wagagai, mradi wa wawekezaji wa China wenye thamani ya dola milioni 250, uliotajwa kuwa mgodi wa kwanza mkubwa wa dhahabu nchini Uganda. Umepangwa kusaga tani 5,000 za mawe kwa siku na kusafisha dhahabu hapo hapo hadi asilimia 99.9.

Tani 5,000 kwa siku ni mashine, na mashine zinataka grisi, mipira, nati na matairi. Watu wanaoziendesha wanataka unga, mchele, nyama, buti na sabuni. Soko la kuvihudumia liko jirani, na sehemu kubwa ya bidhaa hizo huingia kupitia Busia na Malaba. Kwa mchuuzi aliyezoea kuuza chai na chapati kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, akilipwa taslimu jioni baada ya dhahabu kuchomwa, huu ni ulimwengu mwingine. Mgodi mkubwa hununua kwa karatasi. Unataka kampuni iliyosajiliwa, namba ya mlipakodi, risiti ya EFRIS upande wa Uganda au eTIMS upande wa Kenya, na subira ya kungoja malipo.

Karatasi zinatafutika. Kizuizi kikubwa kipo kwenye sheria zenyewe. Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 na ile ya Uganda ya mwaka 2022 zote zinamtaka mwenye leseni atangulize bidhaa na huduma za wananchi wa nchi yake. Kwa mwanasiasa wa Kampala au Nairobi ni jambo jema. Hapa mpakani linazaa kichekesho. Mwiteso wa upande wa Kenya, mwenye shangazi Tororo na shamba linalotazama mpaka, ni mgeni mbele ya ofisi ya manunuzi, na mwenye duka la Kampala, karibu kilomita 200 kutoka hapa, ndiye mwenyeji. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa na marais wawili mwaka 2018. Kabichi inavuka bila ushuru, lakini ikifika lango la mgodi inaulizwa uraia.

Sidai kwamba wenyeji wasitangulizwe. Waliohamishwa na waliopoteza mashimo yao wana haki ya kwanza. Lakini wabunge wa Arusha, wanaojadili vikwazo vya biashara kila mwaka, wangefanya vema kuuliza kwa nini jirani wa mgodi asihesabiwe kuwa mwenyeji.

Tororo inaonyesha hali ilivyo kazi inapoanza upya. Vilima vya Sukulu vina zaidi ya tani milioni 230 za udongo wenye fosfeti, pamoja na chuma na niobiamu. Mbolea ilitengenezwa hapo miaka ya 1960 na 1970, kisha kiwanda kikanyamaza. Kampuni ya Guangzhou Dongsong ilichukua eneo hilo, na Oktoba 2018 mradi ukazinduliwa upya, wakati malalamiko ya fidia ya wenye ardhi yakiwa bado yanasikika. Miaka arobaini ya ukimya, na bado mfuko mwingi wa mbolea unaouzwa madukani eneo hili ulishukia bandari ya Mombasa.

Turudi kwenye dhahabu, kwa wale wanaoinunua kwa pointi, yaani sehemu ya kumi ya gramu. Lugha yetu inaita madini meupe na pesa kwa neno moja, fedha, na hapo ndipo wengi huumia. Dhahabu inayotoka shimoni mara nyingi imechanganyika na fedha. Dhahabu safi ina uzito mara 19.3 ya maji, fedha mara 10.5 tu, hivyo mnunuzi mjuzi hupima kipande hewani, kisha ndani ya maji, na kukokotoa usafi wake. Asiyepima hulipa bei ya dhahabu kwa fedha, na msafishaji wa mwisho ndiye anayeitenganisha na kubaki nayo.

Cheti rahisi cha uasilia hutolewa pale pale kituoni, lakini hakihalalishi dhahabu. Madini yanadai leseni ya biashara ya madini na kibali cha kusafirisha, pande zote mbili. Ukikamatwa na gramu hizo 20 bila karatasi, unaweza kupoteza mtaji wa mwaka mzima. Kwa mwenye kapu, mtaji huo ni heri ukae kwenye unga, grisi na buti, na usajili wa kampuni ufanywe kwanza, pamoja na mwenzake wa ng'ambo ya pili, kabla tenda hazijatangazwa.