Je, Wajua? Vena Iliyoziba Huweza Kufunguliwa Kutoka Ndani

Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi kwa kawaida husafishwa damu kwa mashine mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara, na mashine hiyo huhitaji kuvuta kama mililita 300 za damu kwa dakika, kiasi ambacho vena za kawaida za mkono haziwezi kukitoa. Kwa sababu hiyo hutengenezwa fistula, yaani ateri huunganishwa na vena ya mkono ili vena hiyo itanuke, njia iliyotangazwa mwaka 1966 na Brescia, Cimino na wenzao huko New York. Na fistula inapokosekana, mgonjwa huwekewa katheta, mpira mwembamba unaopitishwa shingoni hadi karibu na moyo.

Katheta huokoa maisha, lakini ikikaa muda mrefu hukwaruza ukuta wa vena kuu za kifuani, kovu likajengeka na damu ikaganda, hata mkono na uso vikavimba kwa kuwa damu haina pa kurudia moyoni. Palipobana tu hupanuliwa kwa puto au kuwekewa stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma. Palipoziba kabisa, mara nyingine waya wa kuongozea puto au stenti haupenyi kutoka juu.

Kwa hali hiyo daktari John Gurley wa Kentucky, Marekani, alibuni njia ya kinyume. Kifaa chembamba huingizwa kwenye vena ya kinena cha kulia, kikapandishwa kupitia moyo hadi penye kizibo, kisha, kwa kuongozwa na picha za eksirei, waya wenye ncha kali husukumwa utokeze kwenye ngozi juu ya mtulinga wa kulia, na kwa waya huo huvutwa ndani ala ya kupitishia katheta mpya. Ncha huelekea nje, mbali na moyo, na vena za upande wa kushoto husalimika.

Hata hivyo, ufundi huu hurudisha njia ya katheta, haurudishi vena nzima. Mwenye ugonjwa wa figo unaoendelea na aulizie fistula mapema, na wahudumu wasichome ovyo vena za mkono utakaotumika, kwa maana vena za mtu zina idadi.