Dawa Bandia na Kinga Pungufu: Lugha ya Ridhaa katika Majaribio ya Tiba, Nakivale na Mbarara

Miasthenia gravisi ni ugonjwa adimu ambamo kingamwili za mgonjwa hushambulia mahali neva inapokutana na msuli. Kope hulegea, kutafuna huwa kazi, na pumzi huweza kukatika. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio la efgartigimodi, dawa ya dripu inayopunguza kingamwili hizo, lililowahusisha wagonjwa 167 katika nchi 15 za Ulaya na Amerika Kaskazini pamoja na Japani.

Tuseme jaribio la namna hiyo lifike Mbarara, penye hospitali ya rufaa na chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kilichoanzishwa 1989. Miongoni mwa wagonjwa wanaoweza kupelekwa huko ni wakimbizi wa Nakivale, makazi yaliyofunguliwa 1958, ambako Wakongo na Warundi wengi huelewana kwa Kiswahili. Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda linataka ridhaa iombwe kwa lugha anayoielewa mshiriki. Lakini Kiswahili kipi?

“Dawa hii hupunguza kinga.” Aliyefundishwa afya kwa Kiswahili sanifu atasikia humo UKIMWI, yaani upungufu wa kinga mwilini. Mkongo aliyezoea neno Sida huenda asishtuke. Jirani yake aliyepitia kambi za Tanzania atashtuka. (“Mshipa”, linalotumika kwa neva, lina matatizo yake: ni wa damu pia, na kwa wengine ni ngiri.)

Zito zaidi ni “dawa bandia”, tafsiri iliyozoeleka ya plasebo. Sokoni, dawa bandia ni dawa ya kughushi, ya kuripotiwa polisi. Mgonjwa anaambiwa na daktari kwamba huenda akapewa hiyo, tena kwa “bahati nasibu”, kama mchezo wa tiketi. Tafsiri rejeshi haiwezi kulinasa kosa hili: mfasiri wa pili anajua kinachotafutwa, hivyo huirudisha “bandia” kuwa plasebo, na kamati ya maadili huridhika.

Afadhali maelezo marefu: “dripu isiyo na dawa ndani yake, si daktari wala mgonjwa anayechagua nani apewe ipi.” Kuhusu kinga, mgonjwa aambiwe kwamba dawa haileti UKIMWI, ila inaweza kurahisisha maambukizi mengine, hatari hiyo ni ya kweli na haifai kufichwa ili kumtuliza. Kisha wakazi wachache wa Nakivale wasomewe fomu na kuisimulia upya kwa maneno yao, kabla haijafika kwenye kamati. Kazi hiyo itengewe fungu katika bajeti tangu mwanzo, kwa kuwa fomu iliyokwisha kuidhinishwa haibadilishwi bila idhini mpya.